Nani Amtume Mtoto wa Nyangumi?

Kaeni vizuri, na anayetafuna atafune kimya. Hii si ya sungura wala ya mfalme na binti zake. Humu hakuna mjanja wala mjinga. Yupo mnyama mmoja, wapo watu watatu, na pana neno moja wanaloligombea. Kusimulia ni juu yangu. Kuamua ni juu yenu, nyinyi mnaojiona mna akili.

Palikuwa na kijiji kinaitwa Mtondooni. Mbele yake bahari ni tambarare. Maji yakitoka yanakwenda mbali hata ukadhani hayana nia ya kurudi. Humo waliishi watu watatu, kila mmoja na alichojaaliwa.

Makame alijaaliwa masikio. Wavuvi wenzake walitazama ndege na rangi ya maji, yeye alitumbukiza kafi baharini, akaweka sikio kwenye mpini, kisha akasema, "Hapa wapo. Pale hakuna kitu, tusijisumbue." Walimcheka sana. Walipoona yeye anarudi na samaki na wao wanarudi na hadithi, wakaacha kumcheka, wakaanza kumfuata.

Riziki alijaaliwa mikono. Alikuwa mkulima wa mwani, na kigingi alichokipigilia yeye hakikung'olewa na upepo wa kusi. Mbuzi aliyekataliwa na mama yake alipelekwa kwa Riziki. Kuku aliyekanyagwa na baiskeli, kwa Riziki. "Kwa huyu hakifi kitu," watu walisema, tena mbele ya uso wake, na walijua fika kwamba si kweli.

Vuai alijaaliwa utulivu. Alikuwa mchinjaji. Ng'ombe anayerusha mateke kwa kila mtu, akishikwa na Vuai huteremsha kichwa kama anayesikiliza. Kisu chake kilipita mara moja, hakikurudia. Siku ya karamu kila mtu alikuwa rafiki yake. Siku nyingine walimpa mkono kwa ncha za vidole.

Na kipo kitu ambacho wote watatu walikuwa nacho sawasawa: kila mmoja alikuwa na mtu wake majini.

Ilikuwa hivi. Mashua ya injini ilitoka Mtondooni kwenda harusini ng'ambo, na ng'ambo haikufika. Haukuonekana ubao, hakikuonekana kiatu. Nahodha wake alikuwa Khatibu, kaka yake Makame. Ndani alikuwamo Mwatima, mkewe Vuai. Na Mwatima alimshika mkono Semeni, binti wa pekee wa Riziki, mtoto wa jino la mbele lililong'oka, kwa sababu Riziki mwenyewe alibaki kuvuna mwani.

Asubuhi ile Mwatima alisimama mlangoni, ushungi umekaa vizuri, akamuuliza mumewe, "Nikuletee nini?"

Vuai alikuwa ananoa kisu. Hakuinua kichwa, hakujibu. Msidhani walikuwa wamegombana. Laiti wangegombana, angepata la kujutia. Alikuwa ananoa kisu tu. Mwatima akangoja kidogo, akacheka, akasema, "Haya, ukikumbuka utaniambia," akaenda.

Tangu siku hiyo, kila akiweka kisu kwenye jiwe, Vuai analisikia lile swali. Jibu alishalipata zamani. Analo, limekaa ulimini, kama mtu aliyepata nauli na chombo kimeshaondoka.

Sasa sikilizeni desturi ya Mtondooni, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Mnyama mkubwa akitupwa na bahari, pale ni mgeni. Haliwi, hachemshwi mafuta. Anatakiwa arudishwe mkondoni siku ileile, jua halijazama. Akilala usiku nchi kavu huyo ni mzoga, hana tena njia; lakini akirudishwa kabla ya jua kuzama, hata akiwa amekufa, njia anayo bado. Na aliyemrudisha ana haki moja: kuinama kwenye kitundu cha sikio lake na kumtuma salamu kwa mtu aliyechukuliwa na maji. Jina moja, neno moja. Ukimpa mawili anayasahau yote. Mwalimu wa chuo cha Kurani alipinga jambo hilo kila mwaka. Lakini na yeye ana mtu majini, na siku ninayoisimulia alikuja, akasimama mbali, akajifanya anatazama mawingu.

Siku hiyo ilikuwa ya bamvua, yale maji yanayojaa kupita kiasi halafu kila kukicha yanapungua. Alfajiri, maji yakianza kutoka, Makame alikuwa anakwenda kwenye mtumbwi wake. Akasimama. Alisikia kitu kwa miguu kabla ya kukisikia kwa masikio, kama mlango mzito unaosukumwa chini ya ardhi. Akatia kafi kwenye dimbwi, akasikiliza, akaanza kukimbia. Huko kwenye fungu la mchanga alimkuta: mtoto wa nyangumi, mwanana, mweusi, mkubwa kuliko mtumbwi wowote wa Mtondooni, amelala ubavu. Nyuma yake maji yalikuwa yanaondoka bila kumuaga. Makame akawahi kabla ya kunguru, na kabla ya watu wa madebe wa vijiji vya jirani, wale ambao wakisikia "nyangumi" wanawaza mafuta ya kupaka mashua. Alisimama mbele ya mnyama na kafi lake mkononi, akawaambia, "Wa kwanza kuchovya kisu hapa, nitamchovya yeye." Kama si Makame, hadithi ingeishia kwenye madebe.

Kijiji kikamiminika. Na hapo watu wakafanya kosa la watu wenye huruma na haraka. Wakamfunga kamba mkiani, wakamvuta kama wanavyovuta ngalawa, "Haya, pamoja! Haya, tena!" Mnyama hakusogea. Makame peke yake ndiye aliyesikia kitu kikikatika ndani, akapiga kelele, "Acheni! Acheni, mnamvunja!" Wakaacha. Vijana wengine wakaleta ndoo, wakaanza kummiminia maji utosini, palepale kwenye tundu lake la pumzi, kwa sababu wanajua samaki hutaka maji.

Hapo ndipo alipofika Riziki. Aliipiga ndoo ya kwanza ikaruka.

"Huyo anavuta hewa kama mama yako!" alisema. "Unataka kumzamisha nchi kavu? Toka!"

Siku ile mwani wake ulikuwa umekomaa na bamvua ndiyo nafasi ya kuvuna. Aliuacha. Akavua kanga ya juu, akailowesha, akamfunika mgongo. Akadai kanga za wenzake, akadai magunia, akadai makuti ya kivuli. Akachimba mchanga chini ya mapezi ili uzito usimlemee. Kisha akachukua jembe, akaanza kuchimba mfereji kuelekea kwenye maji, jua likimchoma, na huku anamsemesha yule mnyama maneno ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. Kama si Riziki, jua lingemaliza kazi kabla ya adhuhuri.

Vuai hakwenda. Alikaa kwake. Alijua watu wakimwona anakuja watatazama mkono wake kwanza.

Adhuhuri Makame akaja mlangoni, amelowa, hajavaa kofia.

"Njoo," alisema.

"Nina kazi gani huko mimi?"

"Njoo na kisu."

Vuai akamtazama. "Riziki kakutuma?"

"Riziki akijua nimekuja kwako atanizika kwenye mfereji wake. Nimeweka kafi ubavuni pake, Vuai. Ndani kunasaga. Uzito wake wenyewe unamponda. Kila pumzi ni kama gunia linaloburutwa juu ya mawe. Na tena analia. Nyie hamumsikii, mimi namsikia."

"Akilia nifanye nini?"

"Anajibiwa," alisema Makame. "Mama yake yuko nje ya mwamba, kwenye maji marefu."

Vuai akachukua kisu kirefu, akakifunga kwenye mti wa mkuki, wakaenda.

Watu walimpisha, kama alivyojua. Riziki aliinua kichwa mferejini, akaona kisu, akasimama mbele ya mnyama na jembe lake.

"Shemeji," alisema, kwa maana Mwatima, mkewe Vuai, alikuwa binti wa mama mdogo wa Riziki, "umepotea njia. Banda lako la kuchinjia liko huko."

"Nimeitwa."

"Na aliyekuita namjua, ana masikio ya popo na moyo wa chaza. Maji yanarudi. Huoni yanarudi? Alasiri yatafika hapa."

"Maji ya jioni hii ni madogo kuliko ya alfajiri," alisema Makame. "Ya kesho ni madogo zaidi. Ya alfajiri ndiyo yaliyomleta, na yalimweka hapa kwa shida."

"Ndiyo maana nimechimba! Wewe sikiliza, wengine tufanye kazi."

Vuai akawapita wote wawili. Alizunguka upande wa kichwa, akachuchumaa. Jicho lilikuwa limefumbuka. Alikwisha kuyaona macho mengi, ya ng'ombe, ya mbuzi, ya ngamia mmoja wa Mwarabu. Yote yalimtazama mtu kisha yakapita. Hili halikupita. Lilimkazia kama la mtu aliyeuliza kitu na bado yuko mlangoni, anangoja kidogo. Vuai akageuza uso. Akauchomeka mti wa mkuki mchangani, akasimama.

"Tupatane," alisema.

Riziki akatoa kigingi cha mwani kiunoni, akapima kwa macho, akakipigilia kwenye mchanga karibu na bega la mnyama.

"Hiki hapa. Maji yakikigusa naye hajanyanyuka, fanya kazi yako, mimi mwenyewe nitamfunika jicho. Lakini kabla ya hapo ukimgusa, ujue umemuua."

"Nimekubali," alisema Vuai.

Wakangoja. Maji yakaja kwa ule ujinga wake wa siku zote, hatua mbele, nusu hatua nyuma. Yakaingia mferejini. Mnyama akayasikia, akapiga mkia, mpigo mmoja wenye kishindo, na nusu ya mwili haikufuata. Riziki akasema, "Mnaona? Ana nguvu!" Makame akasema, "Nguvu za upande mmoja." Kwenye kitundu cha pumzi palitoka povu, na povu lilikuwa na rangi ambayo Vuai aliijua kwa kazi yake.

Makame alikuwa amesimama majini, kafi sikioni. Mara akapiga kelele.

"Anakuja! Mama yake! Ameingia mlangoni mwa mwamba!"

Watu wote wakageuka. Na kweli, kule kwenye mlango wa mwamba, pengo linalopitisha mashua, maji yaliinuka yakawa mgongo, yakatoa moshi, yakazama. Kila mtoto akilia, mgongo ulijitokeza karibu zaidi. Ndani ya mwamba ule, maji yakishatoka, hata mtumbwi hulala kwa tumbo.

"Mnyamazishe, Vuai!" alisema Makame. "Kila akiita mwenzie anasogea. Usipomnyamazisha huyu, alfajiri tutakuwa na wawili!"

"Kigingi!" alisema Riziki. "Kigingi hakijaguswa!"

Vuai akatazama kigingi. Maji yalikuwa yamebakiza upana wa kiganja. Kiganja kimoja. Akatazama mwambani, mgongo ukatokea tena. Akamtazama Makame, naye bila kuambiwa akaja, akaweka mpini wa kafi ubavuni, akausogeza, akausogeza tena, akasema, "Hapa. Moyo uko hapa."

Na Riziki? Msimhukumu upesi. Riziki alikuwa anapiga kelele "Ngoja! Ngoja!" na huku mikono yake, ile mikono yake, ilikuwa imeshavuta kanga na kulifunika lile jicho.

Kisu kilipita mara moja. Hakikurudia.

Mnyama alitoa pumzi ndefu, kama mzee anayetua mzigo, akatulia. Makame akarudi kwenye maji, akasikiliza. Kule nje sauti iliita, ikangoja, ikaita. Kisha ikawa mbali. "Amegeuka," alisema Makame.

Maji nayo yakaendelea na shughuli zake. Yakagusa kigingi. Hayajakipita bado. Yakamzunguka mnyama, yakamfika Riziki kiunoni mle mferejini, na mtoto wa nyangumi akanyanyuka. Taratibu kabisa, kama mtu anayebebwa kitandani. Akaelea.

Riziki aliona hayo kwa macho yake. 

"Ameelea," alisema.

"Aliyekufa hana ukaidi, dada," alisema Makame. "Angekuwa hai angejipigiza akarudi palepale. Mgongo ulishavunjika. Niliusikia."

"Ulisikia! Kila kitu unakisikia wewe! Ameelea, Makame!" Akamgeukia Vuai. "Kiganja kimoja, shemeji. Ulishindwa kungoja kiganja kimoja. Nikwambie kwa nini? Kwa sababu kama angekwenda mwenyewe, angekwenda na salamu yangu. Mimi ndiye niliyemweka hai. Ulimchoma ili awe wako."

Vuai akakiosha kisu majini. Angependa kusema si kweli. Aliitafuta hiyo kweli kifuani mwake, akapekua kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa vidole. Akakuta mama nyangumi mwambani, akakuta povu lenye rangi. Na chini kabisa ya hayo akamkuta Mwatima, amesimama mlangoni na ushungi wake, anangoja. Alikuwepo kabla ya kisu au alikuja baada ya kisu? Hilo Vuai hakulijua, na mpaka leo nadhani halijui.

Mcha, mwenye boti ya injini, akaleta kamba. Mnyama aliyetulia alifungika bila taabu. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Mcha akauliza kama desturi inavyotaka: "Nani amemrudisha? Nani anamtuma?"

Wote watatu wakasogea. Kisha wote watatu wakasimama.

"Mimi ndiye niliyemsikia," alisema Makame. "Nisingemsikia, sasa hivi yuko kwenye madebe. Moyo nani aliuonyesha? Na mniache niseme: nyie wapenzi wenu mnawalilia hadharani. Khatibu wangu nani anamlilia? Kila mkikaa mnasema nahodha, nahodha, nahodha ndiye aliyewazamisha. Mama yetu alikufa anamuulizia. Nataka nimwambie hilo tu, kwamba mama hakuwa na kinyongo naye. Na nahodha anajua alipo kila abiria wake. Nikimtumia yeye, atawafikishia nyote."

"Mimi ndiye niliyemtunza," alisema Riziki. "Mwani wangu unaoza kule. Bila mimi mngekuwa mnarudisha mzoga ulioozeshwa na jua, na mzoga wa namna hiyo haubebi salamu ya mtu. Mwanangu ni mdogo. Alikuwa haendi chooni peke yake usiku. Nataka nimwambie mlango sijautia komeo, tangu siku ile sijautia. Na mtoto akiitwa, mkubwa aliyemshika mkono naye husikia. Nikimtumia yeye, nyote mtasikika."

Ikabaki zamu ya Vuai.

"Mimi ndiye niliyemtuliza," alisema polepole. "Nisingemtuliza, jioni hii angekuwa bado anasagika pale, na mama yake ubavuni pake. Kamba isingefungika. Dhambi ikiwapo, nimeichukua mimi, nyinyi mmebaki safi." Akamgeukia Riziki. "Niliulizwa swali, nikaacha kujibu. Riziki, aliyemshika mwanao mkono ni Mwatima, na naapa hajauachia. Nikimtumia yeye, Semeni atasikia la kwake."

"Na nani aliyekwambia la kwake ni lipi?" alisema Riziki, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Jamani, jua," alisema Mcha.

Mwalimu wa chuo aliacha kutazama mawingu.

Basi hapo ndipo walipo. Injini inanguruma, kamba imekazika, jua limebakiza kiganja, kama vile maji yalivyobakiza kiganja kufika kigingini. Mnyama anaelea, na nyuma ya jicho lake kuna kitundu kidogo hata kidole cha mtoto hakiingii. Salamu ni moja.

Wala usiniambie waseme wote watatu. Hilo hata aliyelala anaweza kulisema. Wala usiniambie mnyama aliyekufa hasikii. Nenda kamwambie Riziki, kama una ujasiri huo.

Nani ainame? Makame aliyesikia, Riziki aliyemweka hai, au Vuai aliyemtuliza? Na wewe unayeinua mkono upesi huko nyuma, kwanza mkumbuke mtu wako aliye mbali, yule ambaye bado una neno lake mdomoni. Umemkumbuka? Sasa jibu, na ujibu kweli: kisu kingekuwa mkononi mwako wewe, ungeyangoja maji yaguse kigingi?